Kröller-Müller mwezi wa Machi: Van Gogh ndani, machipuo nje

Wageni wakiniandikia kwamba wanakuja Uholanzi mwezi wa tatu au wa nne, karibu wote wameshaiweka bustani ya maua ya Keukenhof kwenye ratiba. Ni sawa. Pale Lisse hupandwa balbu kama milioni 7 kila mwaka, bustani hufunguliwa wiki nane hivi tu, na picha za maua yale zitawafurahisha wote nyumbani. Lakini mwenye siku moja ya ziada namsihi aende Otterlo, kwenye makumbusho ya Kröller-Müller, tena aende mapema, miti ikiwa bado mitupu. Nimeingia pale wakati wa joto, nimeingia majani yakipukutika, na msimamo wangu ni uleule: kuanzia mwisho wa Machi hadi katikati ya Aprili ndio wakati wake.

Mimi naishi Wageningen. Nilikuja kusomea udongo, nikapata kazi, nikabaki. Kwa mtu aliyekulia Tanga, ambako mti mtupu ni mti mgonjwa, baridi ya kwanza ya huku ni mtihani. Novemba giza linaingia kabla ya saa kumi na moja jioni. Januari kila kitu ni kijivu, mpaka unaanza kuamini kwamba miti imekufa kweli na watu wanaokuambia usubiri wanakufariji tu. Halafu Februari moja unapita njia uliyoipita kila siku, unaona vijiua vyeupe vimeinamisha vichwa chini ya ua wa nyumba ya mtu. Sneeuwklokje, wanaviita. Kabla ya siku hiyo, picha za Van Gogh za miti iliyochanua nilikuwa nazijua kwenye kalenda na majalada ya madaftari, nazipita tu kama urembo. Baada ya kuimaliza baridi nzima niliziangalia tena, nikaelewa kwa nini mchoraji alikuwa na haraka vile.

Makumbusho yenyewe yako katikati ya hifadhi ya De Hoge Veluwe, yenye zaidi ya hekta 5,000 za misonobari, nyika na mchanga. Kwa usafiri wa umma, unashuka stesheni ya Ede-Wageningen au Apeldoorn, unapanda basi hadi Otterlo. Kuna basi pia linaloingia ndani ya hifadhi hadi mlangoni mwa makumbusho, ila halipiti mara kwa mara, kwa hiyo ratiba yake uiangalie kabla hujatoka nyumbani. Jambo la kulijua mapema: tiketi ni mbili. Unalipia hifadhi, halafu unalipia makumbusho. Wenye kadi ya makumbusho ya mwaka, ile Museumkaart, inawafungulia mlango wa makumbusho, lakini hifadhi wanailipia kama wengine. Ukijumlisha na nauli, si siku ya bei rahisi. Naisema wazi kwa sababu wengi wetu tunahesabu euro kabla ya kutoka. Kwangu mimi fedha ile inarudi, na inaanza kurudi palepale getini, kwa sababu ya baiskeli.

Ukishaingia tu, unakuta baiskeli nyeupe zimepangwa safu kwa safu. Ziko kama 1,800 katika hifadhi nzima, ni za bure, na hakuna wa kukuandikisha. Unachukua inayokufaa kwa urefu, unaendesha, unaiacha ulikofika, na ukitoka unachukua nyingine yoyote. Mpango huu upo hapo tangu 1974. Hazina gia, na nyingi hazina breki ya mkononi: unasimama kwa kukanyaga pedeli kinyumenyume. Jaribu kwanza hapo getini kabla hujashika mteremko. Zipo zenye kiti cha mtoto nyuma. Kutoka geti la Otterlo hadi makumbusho ni kama kilometa mbili na nusu, na njia ni ya lami, laini.

Hizo kilometa mbili na nusu usizikimbilie. Veluwe ni mchanga mtupu, udongo maskini usioshika maji wala rutuba, na ndiyo maana wakulima waliushindwa. Kwenye udongo kama huu majira ya kuchipua hayaji kwa shangwe. Yanakuja kwa vipande vidogo, na ni lazima uvitafute. Vichaka vya bosbes, yale matunda madogo ya buluu, vinatoa vijani vya kijani kikali chini ya misonobari, wakati juu hakuna kilichobadilika. Mti wa wilg, kama kuna maji karibu, unavaa vitumba vya manyoya ya kijivu ambavyo vikifunguka vinageuka njano kwa chavua. Kipepeo wa kwanza kumwona mara nyingi ni yule wa njano, citroenvlinder. Huyo hakuzaliwa jana: alikaa baridi nzima akiwa kipepeo mzima, amejificha kati ya majani yasiyopukutika, na jua la Machi likipata nguvu kidogo anatoka. Na utamsikia tjiftjaf, kindege kisichofika hata gramu kumi, kinaimba sauti mbili tu, juu, chini, juu, chini, kutwa. Kwangu huyo ndiye kengele ya mwaka. Mbayuwayu, ambao sisi tunawafahamu kwa sababu wanatoka kwetu Afrika, wao hufika baadaye, Aprili.

Basi ingia ndani sasa.

Aliyeyakusanya haya yote ni mwanamke, Helene Kröller-Müller, mzaliwa wa Ujerumani, mwaka 1869. Alianza kununua sanaa mwaka 1907, akiwa mama wa watoto wanne, na hadi mwisho yeye na mumewe Anton walikuwa wamekusanya vitu karibu 11,500. Biashara ya mume ilipoyumba, mkusanyiko uliokolewa kwa kukabidhiwa taifa la Uholanzi mwaka 1935, kwa sharti kwamba lijengwe jumba la kuuhifadhi. Jumba lilifunguliwa 1938, na yeye akafariki mwaka uliofuata. Alimnunua Van Gogh wakati ambapo wengi walikuwa bado wanasitasita, na leo hapa kuna michoro yake ya rangi karibu 90 na ya kalamu na mkaa zaidi ya 180. Ni mkusanyiko wa pili kwa ukubwa duniani, baada ya ule wa Amsterdam. Tofauti ni kwamba Amsterdam unasogezwa na umati, na hapa, siku ya kawaida ya Machi, unaweza kusimama mbele ya picha moja mpaka wewe mwenyewe utosheke. Jumba ni la chini, halina ghorofa za kutisha, na mbunifu wake, Henry van de Velde, aliziachia kumbi mwanga wa juu. Wingu likipita, rangi ukutani zinabadilika nawe ukiwa unatazama.

Watu wengi huenda moja kwa moja kwenye ule mkahawa wa usiku wenye taa ya njano na anga la nyota, wa Septemba 1888. Uangalie, ni mzuri kweli. Ila mimi nakuelekeza kwenye picha za miezi sita kabla ya hapo. Van Gogh alifika Arles, kusini mwa Ufaransa, tarehe 20 Februari 1888, akakuta theluji. Alikwenda kutafuta jua, akapokelewa na baridi. Haukupita muda akaweka tawi la mlozi lililochanua kwenye glasi, akalichora (hiyo iko Amsterdam). Machi akachora daraja la Langlois, na hilo liko hapa: mkokoteni unavuka juu, anga la buluu, na chini wanawake wanafua ukingoni, maji yanatawanyika kwa duara kutoka walipo. Ukiwa umepitia Machi ya huku, ukitazama mikono ile ndani ya maji, unahisi baridi yake vidoleni mwako.

Kisha miti ikachanua, na yeye akaingia mashambani. Alichora picha kama 14 za bustani za matunda ndani ya wiki chache. Maua ya matunda hayangoji, na kule kunavuma upepo mkali wa mistral. Alikuwa akipigilia vigingi ardhini na kuifunga fremu yake ya kuchorea ili isibebwe na upepo. Jua hilo kabla hujasimama mbele ya picha zenyewe. Ile mipigo mifupi ya rangi ni ya mtu anayefanya kazi huku akisukumwa.

Picha ninayoipenda kuliko zote humu inaonyesha mifyulisi imechanua, rangi ya waridi juu ya anga la buluu na nyeupe, uzio wa matete nyuma. Chini kushoto ameandika "Souvenir de Mauve", yaani kumbukumbu ya Mauve. Anton Mauve alikuwa mchoraji, mume wa binamu wa Vincent van Gogh, na ndiye aliyemfundisha kushika rangi kule The Hague mwishoni mwa 1881. Baadaye walikosana. Mauve alifariki Februari 1888, na habari zilipomfikia Vincent huko Arles, alichagua mchoro huu aliokuwa ametoka kuuchora, akaandika jina la marehemu, akampelekea mjane. Angeweza kuchagua kitu cha huzuni. Alipeleka mti uliochanua.

Mara moja nilikwenda na shangazi yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Lushoto. Shangazi ana shamba la matunda: plamu, pea, na mifyulisi. Hakuwa na habari na Van Gogh, na mimi sikumwambia lolote, nilimwacha atembee. Alipofika hapo alisimama.

"Huu mfyulisi," akasema. Kibao hakukisoma, kiko kwa Kiholanzi na Kiingereza.

"Umeujuaje, shangazi?"

"Mwanangu, mimi nisijue mfyulisi? Ua limetangulia jani. Ukitoka kwenye ile baridi ya Julai, wetu unafanya hivi hivi. Huyu bwana alikuwa anakaa na miti."

Nikamweleza kwamba baadhi ya rangi nyekundu alizotumia miaka ile hufifia kwa mwanga, kwa hiyo waridi ya maua kwenye picha zake nyingi ilikuwa nzito kuliko tunayoiona leo. Akasogea, akarudi nyuma, akasogea tena, mpaka mlinzi akamwonyesha kwa adabu mstari wa kutovuka. "Hata ilivyo," akasema, "inatosha." Tukakaa kwenye benchi pale katikati ya ukumbi muda mrefu, naye akanieleza jinsi ya kujua kama maua yatashika tunda au yatadondoka. Nimesoma vyuo viwili, na maelezo bora ya picha ile niliyapata kwa mkulima wa Usambara.

Kuhusu kupiga picha: ndani inaruhusiwa kwa simu, bila flashi. Ushauri wangu ni kwamba usijaribu kuupiga mchoro mzima kutoka mbele. Picha hiyo utaikuta nzuri zaidi kwenye tovuti ya makumbusho. Simama pembeni, mwanga ukiwa unaingia kwa ubavu, upige kipande. Hapo ndipo unaona unene wa rangi, jinsi ua moja lilivyo bonge la rangi lililobandikwa kwa mpigo mmoja na kuachwa. Shangazi alipiga kipande cha namna hiyo akakituma kwenye kundi la familia la WhatsApp, na baba akajibu kutoka Tanga akiuliza kama ni ukuta unaobanduka. Tulipotuma ya mbali, simu haikutulia mpaka jioni.

Sehemu ya pili ni nje, na hapa ndipo Machi inalipa kabisa. Bustani ya sanamu ilifunguliwa 1961 na ina hekta 25, na sanamu zaidi ya 160. Wakati wa joto majani yanaficha nusu yake. Machi unaona sanamu kutoka mbali, kati ya vigogo, na unaona pia kinachoanza kutoka chini.

Anza na mti wa Giuseppe Penone, Faggio di Otterlo. Ni mti wa beuk uliotengenezwa kwa shaba nyeusi, umesimamishwa miongoni mwa miti ya kweli. Miti yote ikiwa mitupu, hautautambua haraka, unaweza kuupita. Njia ya kuujua wakati huu wa mwaka ni kuangalia ncha za matawi. Beuk za kweli zina vitumba vyembamba, virefu, vyenye ncha kali na rangi ya kahawia, vimejaa kila tawi, vinangoja. Wa shaba hauna. Nilikaa pale nikilinganisha tawi kwa tawi, na sijawahi kuangalia vitumba vya mti kwa makini namna ile popote pengine. Sanamu ile imenifundisha kuutazama mti ulio hai.

Kisha nenda kwenye bwawa. Sanamu nyeupe ya Marta Pan inaelea juu ya maji, imetengenezwa kwa ajili ya hapo hapo mwaka 1960 na 1961. Kwa mbali utadhani ni bata maji mkubwa. Upepo unaigeuza polepole, na kivuli chake majini kinageuka nayo. Hii ndiyo picha ya kuvumilia: kaa, subiri upepo utulie, piga. Subiri tena, piga ikiwa imegeuka. Zile picha mbili ukiziweka pamoja zinapendeza kuliko moja.

Bustani nyeupe ya Jean Dubuffet, Jardin d'émail, ni ya 1974. Unapita mlango mdogo, unapanda ngazi gizani, unatokea juu kwenye uwanja mweupe wenye mistari mikubwa myeusi, vilima na mabonde, kama umeingia ndani ya daftari la mtoto. Watoto wanapaelewa papo hapo. Kwa picha, kumbuka kwamba weupe ule unaidanganya kamera ya simu: gusa sehemu nyeupe kwenye kioo, kisha shusha mwanga, la sivyo anga na sakafu vinayeyuka pamoja. Mtu mwenye vazi la rangi anatoka vizuri mno pale. Shangazi alikuwa na kitenge chekundu juu ya koti, na picha ile sasa iko ukutani Lushoto. Ukipapanda mvua ikiwa imenyesha, angalia miguu yako, sakafu haiko sawa.

Lile koleo kubwa la bustani la Claes Oldenburg, lililochomekwa kwenye nyasi kama kuna jitu limeacha kazi kidogo, sihitaji kulieleza, utaliona. Nenda pia kwenye banda la mbunifu Rietveld, ambako sanamu za Barbara Hepworth zimekaa karibu bila kuta, hewa na ndege wanapita. Sanamu za Rodin na Maillol nazo zipo. Ukichoka, ruka, usijilazimishe. Marododendroni yanachanua kwenye Mei, na ukija wakati huo utapata uzuri wa aina nyingine na watu wengi zaidi.

Chakula: mgahawa upo, kahawa na keki ya tufaha unapata. Sisi hubeba chapati na chupa ya chai na kula kwenye benchi nje, na hakuna aliyetuangalia vibaya. Vaeni kwa kubadilisha: Aprili hapa inaweza kukupa jua, mvua ya mawe na upepo ndani ya saa moja, na koti lenye kofia ni bora kuliko mwavuli ukiwa kwenye baiskeli.

Nani asiende? Mwenye saa mbili tu kabla ya ndege, kwa sababu safari yenyewe inakula muda, na ukifika huku unatazama saa umepoteza nauli. Pia anayetaka uwanja wa maua ya rangi zote kwa picha moja kubwa. Huyo Keukenhof itamfaa zaidi. Lakini kama una mzazi, shangazi au mjomba mkulima anakuja kukutembelea na hujui umpeleke wapi, mpeleke hapa, na umwache aongee yeye.

Kabla ya kwenda, tazama kwenye tovuti yao kama picha unayoitaka ipo ukutani, maana michoro ya Van Gogh huazimwa sana na makumbusho mengine duniani. Jumatatu makumbusho hufungwa ingawa hifadhi iko wazi. Na bustani ya sanamu hufungwa nusu saa kabla ya jumba, kwa hiyo kama mvua bado haijaanza, anzeni nje.